Upande wa Ndugu Yangu kwenye Chano

Paja la nguruwe lililokaa kwenye chumvi na moshi halipikwi kama nyama nyingine, na anayelipika mara ya kwanza karibu kila mara huliharibu. Kwanza lilaze ndani ya maji. Maji hayo yamwage, weka mengine, na uendelee hivyo mpaka ukilamba kidole uone chumvi imekubali kupungua. Kisha lichemshe taratibu kwa moto mdogo, lisitokote kwa hasira. Likiiva, mchuzi hubaki mzito, na mafuta huelea juu yake yakiwa na rangi ya asali. Ukikosea mara ya kwanza, usikate tamaa. Mimi nilikosea, na bibi wa misheni alikula akasema asante.

Pale Ngao, kijijini kwetu, nilikuwa mpishi wa misheni tangu nilipofiwa na mume wangu. Miaka ile nguruwe mwitu walikuwa wakiingia mashambani kando ya mto na kufukua mihogo na viazi vyetu, na wanaume wakawachimbia mashimo. Bwana wa misheni, Mzungu, mumewe bibi yule, alikuwa na ujuzi wa kwao. Mguu wa nyuma aliusugua chumvi, akaulaza ndani ya pipa, kisha akauning'iniza katika kibanda cha moshi alichokijenga nyuma ya jiko. Watu wa kijiji walimcheka. Nyama huliwa siku ile ile, walisema, haifungwi jela. Lakini Krismasi ilipofika na nyama ya jela ikakatwa, hakuna aliyerudisha sahani yake.

Mwaka ninaousimulia, bibi aliniita jikoni, akanionyesha paja dogo lililofungwa kwa kitambaa.

"Hii ya mama yako," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilifika. "Kwetu tunakula na viazi vya kwetu, na kabichi chungu. Hapa kabichi hakuna. Wewe unajua shamba. Chagua wewe."

Mama yangu alikuwa mgonjwa. Macho yake yalikuwa yamefungika zamani, polepole, kama mlango unaosukumwa na mtu mpole. Mwaka ule maradhi yalimwingia tumboni, na yalipotulia humo yakamwondolea ladha. Ukimpa uji, alisema ni maji. Ukimpa samaki, alisema ni majani. Siku moja nilimletea kipande cha nyama ya chumvi kutoka jikoni kwa bibi. Alikitafuna kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hii naisikia." Nilimweleza bibi jambo hilo, na ndiyo sababu akatoa paja lile.

Basi sasa lazima nimlete ndugu yangu, kwa maana uchaguzi wote wa vyakula ulikuwa kwa ajili yake.

Ndugu yangu ni mdogo wangu, tumbo moja, na mama hakuzaa mwingine akaishi. Alipokuwa kijana alishuka mtoni kwa mtumbwi wa nafaka mpaka Kipini. Akapata kazi kwa mfanyabiashara, akaoa huko, akasilimu. Mimi na mama tulikuwa tumebatizwa Ngao. Watu wakisikia hivyo hudhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Alipokuja kututembelea alikaribishwa kwa furaha, lakini chakula kilipotengwa yeye alikaa pembeni akila embe, kwa kuwa vyungu vyetu vyote vilikuwa vimepikiwa nguruwe. Mama alimsikia akila embe peke yake, na aibu ikawa juu ya wote. Safari iliyofuata alikaa muda mfupi zaidi. Kisha akaacha kuja, akawa anatuma salamu na nazi.

Mama alipoona hatapona, aliniita. "Krismasi hii nataka kula na wanangu wote wawili," alisema. "Chano kimoja. Baada ya hapo sitawasumbua kwa kitu chochote."

Chano ni sinia la mti, wengine hawalijui siku hizi. Cha kwetu kilichongwa na baba, na watu watatu au wanne walikizunguka bila kugusana magoti. Mama hakutaka mambo ya huyu kula hapa na yule pale. Alitaka asikie mikono yetu ikikutana.

Nilimtuma mpiga kasia aliyekuwa akishuka Kipini. Jibu lilirudi kwa mdomo wa mtu yule yule: "Amesema atakuja. Amesema dada usihangaike."

Nilihangaika. Ungefanya vivyo hivyo.

Nikueleze jinsi nilivyochagua, huenda nawe una nyumba ya namna hii, na wenye nyumba za namna hii ni wengi kuliko wanaosema. Nyama isingeweza kuachwa, kwani ndiyo chakula pekee kilichokuwa na ladha kwa mgonjwa. Lakini mtu mmoja wa chano hangeila. Kwa hiyo vyakula vya kando visingekuwa vya kando kwa huyo mtu. Kwake vingekuwa ndiyo karamu yenyewe. Vilipaswa kutosha bila nyama, vitosheleze hata macho, asijione kama mtu aliyekuja kulishwa makombo ya sikukuu ya wengine. Na hapo hapo viipokee nyama vizuri kwa wanaoila.

Nyama ya chumvi hutaka kitu kisicho na kelele cha kuibeba. Nilichagua wali, wa mpunga wetu wa bondeni, ule mwekundu mfupi, nikaupika kwa tui la nazi alizotuma ndugu yangu mwenyewe. Hutaka pia kitu kitamu, kwa sababu utamu huituliza chumvi, nikachukua boga. Ndizi mbivu zingefaa, ila hulegea mno na kufanya chano chote kuwa uji. Hutaka kitu kichungu kidogo kinachokata mafuta, nikachukua majani ya kunde, nikayakaanga kwa samli niliyobadilishana kwa mahindi na mama mmoja mfugaji wa Kiorma pale kivuko cha Garsen. Na embe bichi nikalikata jembamba na pilipili, kwa wote. Baada ya hayo nikatazama upande wa ndugu yangu, nikaona hauna kitu cha kutafuna chenye heshima. Kuku angehitaji kuchinjwa na mkono wa mtu wa dini yake, na sikujua atafika saa ngapi. Samaki hahitaji kuchinjwa. Nikakausha samaki wa mtoni kwa moshi wangu mwenyewe, mbali na kile kibanda.

Vyungu nilinunua vipya, kwa mfinyanzi, vikiwa bado na harufu ya moto. Nikajenga mafiga mengine upande wa pili wa ua. Upawa mpya, kinu nilichokisugua kwa mchanga, maji ya mtungi mwingine. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alikaa kwenye kigoda akinitazama nikivuka ua huku na huko.

"Nyumba ina majiko mawili kama ya mwenye wake wawili," alisema. "Na mume mwenyewe hayupo."

"Shangazi, menya boga."

"Namenya. Nauliza tu. Huyu mtoto alikuzwa kwa mafuta ya kiboko. Mifupa anayoiinamisha akisujudu huko Kipini imejengwa na kiboko. Hakuna anayemdai?"

"Kiboko amesamehewa," sauti ilisema nyuma yetu, na tulipogeuka ndugu yangu alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ua, kanzu imeloa mpaka magotini, kofia mkononi, amekonda, anacheka.

Shangazi alilia kwanza, kisha akamsukuma kifuani. "Amekusamehe nani? Uliwauliza viboko wote?"

Aliingia kwa mama. Sikuwafuata, nilikuwa na wali motoni, lakini nilisikia sauti ya mama ikisema, "Lete uso." Alitoka baadaye akifuta macho. Akaja mpaka kwenye mafiga mapya, akachungulia vyungu kimoja kimoja, na mimi nikimweleza: hiki ni kipya, hiki nacho, samli imetoka kwa Waorma, samaki sikumpitisha popote. Alitikisa kichwa kila mara kama mtu anayepewa zawadi na hajui aiweke wapi.

"Nilisema usihangaike, dada."

"Ulisema. Nilisikia."

"Tangu asubuhi sijala kitu," alisema. "Nilisema nitakula kwenu."

Tulitandika mkeka chini ya upenu, mama akaegemezwa ukutani. Nilipakua wali katikati ya chano, boga na kunde pembeni, samaki upande wa ndugu yangu. Nyama niliiweka katika bakuli peke yake, na mchuzi wake katika chungu kidogo, vyote kando ya goti la mama, nje ya chano kabisa. Sisi tuliotaka tungenyosha mikono huko. Hilo nilikuwa nimelifikiri kwa siku nyingi. Nilitazama chano nikaona kimekaa vizuri. Ndugu yangu alinawa, akasema bismillahi kwa sauti ndogo. Mimi na mama tukasema yetu. Shangazi hakusema kitu, alikuwa amejaza mate mdomoni.

Sasa lazima nikuambie desturi moja ya nyumba yetu, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Kwetu, mtu akitoka safari ndefu, haanzi kula mpaka mama amtie mchuzi wa sikukuu kwa mkono wake, upawa wa kwanza, ule wenye mafuta, juu ya chakula cha upande wake. Ndiko kupokelewa. Baba akirudi kutoka Lamu alifanyiwa hivyo na mama yake. Ndugu yangu alifanyiwa hivyo utotoni, alipotoka kwa wajomba kule Wenje. Siku ile sikuifikiria desturi hiyo kwa sababu mama hakuwa amepika, wala kupakua, wala kushika upawa, kwa muda mrefu sana.

Mama alipapasa, akaupata upawa ndani ya chungu kidogo. Nilidhani anataka kunywa mchuzi.

"Mwanangu wa kiume yuko upande gani?" aliuliza.

"Niko hapa, mama," ndugu yangu akajibu. "Mkono wako wa kulia."

Mkono wa mama uliifuata sauti ile. Haukutetemeka. Upawa ulipita juu ya goti langu, ukafika juu ya upande wake, ukainama. Mafuta ya rangi ya asali yaliteremka juu ya wali, yakazunguka boga, yakaingia chini ya samaki.

"Karibu nyumbani," mama alisema. "Kula."

Shangazi alifungua mdomo. Ndugu yangu alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, na shangazi akaufunga. Mkono wa ndugu yangu ulikuwa umefika karibu na wali ukasimama hapo, vidole vimekutana kama vya mtu anayetaka kuchukua. Wali mwingine haukuwapo. Chungu nilikuwa nimekikomba chote kwa fahari ya kujaza chano.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wetu. Kipofu haangalii watoto wake wakila. Anasikia tonge likiumbwa, ukucha ukigusa mti, mtu akimeza. Alikuwa akingojea hilo.

Nikaanza kula. Nilichota upande wangu, kisha nikanyosha mkono nikachota upande wa ndugu yangu, nikarudi wangu, nikarudi wake, mwendo wa watu wawili. Niliigusisha mikono yangu yote miwili pale katikati ya chano, mama asikie ikikutana. Samaki nilimvunja kwa sauti. Ndugu yangu alitazama mkono wangu ukila chakula chake, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungesikika.

"Chumvi imekolea?" mama aliuliza.

"Imekolea, mama," nilisema.

"Sikukuuliza wewe."

Ndugu yangu alikohoa kidogo. "Dada anasema imekolea," alisema, "na dada hajawahi kunidanganya. Mama, mkono wako ni ule ule. Umenikumbusha siku niliyotoka Wenje."

"Ulikuwa na homa siku hiyo."

"Nilikuwa na homa. Na ulinitia mafuta mengi mpaka shangazi akanung'unika."

"Bado nanung'unika," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka, lakini mama alicheka. Akala nyama yake, kipande kwa kipande, na katika kula kwake kote kwa mwaka ule sikuwahi kumwona ametulia vile.

Tulipomaliza, ndugu yangu alishuka kwenye migomba kando ya mto. Nilimfuata. Alikuwa ameketi chini akimenya ndizi, na ya kwanza aliimeza karibu bila kutafuna.

"Ulitakaje, nimwambie?" aliniuliza.

"Hapana."

"Angekufa kwa aibu."

"Ndiyo. Kula ndizi."

"Ule wali ulikuwa unanukia," alisema. "Kutoka mtumbwini niliusikia." Nikammenyea nyingine. Alikuwa amepewa ruhusa fupi, mtumbwi wa mwajiri wake ulikuwa unashuka alfajiri. Aliahidi kurudi mara tu mzigo utakapopakuliwa Kipini.

Jioni nilikuwa nikimpangusa mama mikono kwa kitambaa chenye maji ya moto. Aliniachia mkono mmoja, akauliza, "Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Lazima ushibe. Umekula kwa watu wawili."

Niliendelea kumpangusa.

"Nilisahau," alisema. "Mkono ulikumbuka mambo ya zamani kabla mimi sijakumbuka ya sasa. Nilipomwaga mchuzi ndipo nikasikia mlivyonyamaza. Nikataka kuomba radhi, nikaona ninyi wawili mmeshaanza kunificha, nikasema, basi, waache." Akanipa mkono wa pili. "Yeye alikula nini?"

"Ndizi."

"Peke yake tena." Aliugeuza uso ukutani. Baadaye alisema, "Akirudi, usinipikie ile nyama. Pika vile vingine tu. Na mimi nitakula hivyo hivyo."

"Mama, huvisikii."

"Sivisikii. Lakini kinywa kikizoezwa kitazoea. Nisije nikaitamani mbele yake."

Kuanzia siku ile aliikataa nyama. Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu ya paja, nikalirudisha kwenye kibanda cha moshi. Kila siku alidai wali na majani ya kunde, akitafuna kitu ambacho kwake hakikuwa na tofauti na mchanga, na kila siku alimeza kidogo kuliko jana. Nilimsihi. Shangazi alimsihi kwa njia yake.

"Wifi, unajiua kwa majani kama mbuzi."

"Mbuzi huishi," mama alisema.

"Mbuzi wana ladha."

"Basi nitafute ladha yao."

Bibi wa misheni alikuja akaketi kitandani kwake. Nilimweleza sababu. Alimshika mama mguu kupitia shuka. Akaondoka.

Mama alifariki kabla mtumbwi haujapanda. Tulimzika karibu na kanisa, na udongo ulikuwa laini kwa sababu ya mvua za vuli.

Ndugu yangu alifika baada ya hapo, akiwa na nazi na kipande cha kitambaa cheupe alichomnunulia. Watu walikuwa wamekwisha kumwambia mtoni. Alikwenda makaburini peke yake, akarudi, akaketi kwenye kigoda cha mama. Aliniuliza mama alisema nini mwishoni. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno machache ya baraka, ambayo mama aliyasema kweli. Nikampa hayo, kisha nikampa na yale mengine, yote, tangu kitambaa cha maji ya moto mpaka mbuzi wa shangazi.

"Alijua," alisema.

"Alijua."

"Nami nilikaa pale nikidhani nimemficha." Alikizungusha kile kitambaa cheupe mkononi. "Alikula majani matupu? Siku zote hizo?"

"Alisema anajizoeza."

Alikaa hapo mpaka jua likaondoka uani. Kisha akauliza nilikuwa nimepanga kumpikia nini, kama angewahi. Nikamwambia wali wa tui, boga, kunde kwa samli, samaki.

"Pika," alisema.

Nilipika katika vile vyungu vipya. Shangazi alimenya boga na hakusema neno la mzaha, hata moja. Nilitenga chano chini ya upenu, na kwa mazoea nikapakua pande zote, upande wa mama pia. Shangazi alipoona hivyo aliinuka akaenda ndani. Ndugu yangu alinawa, akasema bismillahi, akala. Alikula polepole, mpaka upande wake ukaisha na ukabaki mti mtupu. Nilidhani atanawa. Akakishika chano kwa ukingo, akakizungusha, akaanza kula upande wa mama.